Mgonjwa Aliyemchosha Suyun

Katika kijiji kimoja cha jimbo la Henan, nchini China, vijana walikuwa wamekwenda mijini kutafuta kazi, na wazee wakabaki kuuguzana wao kwa wao. Qiao Suyun, mjane aliyeongoza ibada katika kanisa dogo la pale, ndiye aliyewaogesha wagonjwa na kuwapikia uji wa mtama. Magoti yalimuuma, na usingizi ulikuwa umemhama.

Aliyemchosha kuliko wote ni Mzee Geng, aliyepooza upande mmoja. Zamani, alipokuwa kiongozi wa kijiji, ndiye aliyelipiga kanisa lao kufuli. Sasa alilalamikia kila kitu, mara maji ya moto mno, mara uji mwepesi.

Asubuhi moja ya baridi, Suyun alipokuwa akimgeuza, mzee alimuuliza, "Kwani huyo Mungu wako anakulipa nini kwa kunifuta mavi?"

"Leo hajanilipa kitu," Suyun akajibu. "Nimechoka, mzee. Nimeamka nikamwomba anipe moyo wa upendo, sikuupata. Nimekuja hivyo hivyo."

"Si ungebaki kwako, basi?"

"Nawe ungebaki umelowa."

Alipomaliza kumfuta, Suyun aliketi kwenye kigoda akunje taulo, na usingizi ukampitia hapo hapo, kichwa kimeegemea kitanda. Jirani alipochungulia mlangoni na kumwita, Mzee Geng aliinua mkono wake mzima.

"Punguza sauti, mwache alale," alinong'ona. "Uji wangu utangoja."