Mpaka Kijiti Kilie

Thobias Shirima alikuwa kiziwi nusu. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mashine ya kugonga mabati katika kiwanda cha vipuri vya magari huko Mississauga, Kanada, na mashine ile ikayala masikio yake kidogo kidogo. Ukimwita kutoka nyuma, hageuki. Mdogo wake Genoveva alizoea kumshika bega kwanza ndipo azungumze. Lakini kulikuwa na sauti moja ambayo Thobias aliapa hajawahi kuikosa: ya kijiti cha ua la bia kikikatika katikati ya vidole vyake.

Maua yenyewe ni yale yanayoitwa hopsi. Aliyapanda nyuma ya nyumba aliyopanga North York, mwaka uliofuata kifo cha mkewe, nayo yakapanda kamba mpaka ukingoni mwa paa. Hakuwa na haja na bia ya chupa. Alitaka mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya kwao Uchagani. Ndizi zilipatikana, ulezi ulipatikana, lakini gome la msesewe, lile linaloipa mbege uchungu wake, hakulipata popote. Akawa anapika kitu kitamu kama uji wa mtoto, anakinywa kwa huzuni. Siku moja jirani yake Gaspard, Mrundi aliyefanya usafi katika kiwanda cha bia, akamletea ua moja kavu la hopsi mfukoni. Thobias alilitafuna, akakunja uso, kisha akacheka.

"Huyu ni msesewe," alisema, "ila amevaa koti kwa sababu ya baridi."

Tangu hapo, kila Desemba, Wachaga wachache walioshindwa kwenda kwao Rombo na Marangu kwa Krismasi walikusanyika kwake baada ya Misa. Walikuwa wauguzi, madereva, wanafunzi, na Mama Dorotea aliyewazidi wote umri. Gaspard naye hakukosa, ingawa kila mwaka aliuliza ni kabila gani duniani linalolewa kwa kunywa uji. Kata ya mbege ilizunguka, na Thobias angesema, "Mwaka huu nyumbani ni hapa." Kwa mtu asiyejaliwa mtoto, siku ile moja ndiyo ilikuwa familia yake.

Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, aliyachuma maua peke yake, ndoo sita. Akayatandaza kwenye chumba cha chini ya nyumba, juu ya nyavu za madirisha alizozilaza kwenye viti, akawasha feni. Kesho yake asubuhi alianguka akifunga kamba za viatu ili aende kanisani. Madaktari walikuta saratani ya kongosho, imekwisha kuenea, ya muda mrefu kuliko alivyowahi kulalamika.

Genoveva alifika kitandani kwake hospitalini na rozari mkononi. Neno la kwanza alilolisikia halikuwa la sala.

"Veva, maua."

"Kaka, tuongee kwanza alichosema daktari."

"Mimi nina daktari. Maua hayana mtu." Akapumzika kidogo. "Yageuze asubuhi na jioni. Na usiyapakie mpaka kijiti kilie. Majani yatakudanganya. Yatapiga kelele kama karatasi, utasema yamekauka, kumbe unyevu umejificha katikati. Chukua ua, likunje kijiti chake. Kikipinda, bado. Kikilia, tayari."

"Nimesikia."

"Uyafunge, uyatie kwenye friza. Desemba watu wasinywe uji."

Basi Genoveva akaenda. Alikuwa mlezi katika makao ya wazee, zamu yake ikianza saa moja asubuhi, kwa hiyo alipita nyumbani kwa kaka yake kabla ya kazi na tena baada ya kazi. Aliyageuza maua kwa viganja, akitembeza Salamu Maria badala ya kuhesabu dakika, mpaka mikono ikanata na harufu yake ikamfuata hadi kwenye mashuka ya wazee. Siku ya tatu asubuhi majani yalikuwa yakipiga kelele kama karatasi. Hospitali ilikuwa imempigia simu kwamba aje mapema. Hakukunja kijiti. Aliyajaza kwenye mifuko ya plastiki, akaivuta hewa kwa mashine, na juu ya kila mfuko akaandika kwa kalamu neno alilozoea kuandika kaka yake: KIMELIA. Akaitia yote kwenye friza. Ua moja akalibana ndani ya kitabu chake cha sala.

Alipofika hospitalini, Thobias alikuwa amebadilika tangu jana. Alilinusa ua lile macho yakiwa yamefumba. Alijaribu kulikunja, vidole vikamshinda.

"Nivunjie," alisema.

Genoveva alilishika karibu na sikio la kaka yake, akakunja kijiti. Kikapinda, laini kama uzi. Alijua papo hapo amefanya nini, na ile mifuko yote kule kwenye friza ina nini ndani yake. Akamtazama Thobias, midomo imekauka, anasubiri.

"Kimelia, kaka."

"Mbona sijasikia?"

"Masikio yako hayo ya kiwandani."

Thobias alicheka, kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi. "Kweli, yamekwisha," alisema. "Haya. Sasa naweza kupumzika."

Genoveva alijiambia kwamba jioni ile ile atairudia mifuko, aifungue, ayatandaze tena, na uongo wake utageuka kuwa kweli kabla jua la pili halijazama. Thobias akakata roho saa tisa mchana, padri akiwa ametoka tu kumpaka mafuta.

Kilichofuata kila aliyefiwa anakijua. Watu wakajaa nyumbani kwa Thobias, sufuria, viti vya kuazima, simu kutoka Rombo. Nyama ililetwa nyingi, na kina mama, kwa nia njema, wakaitoa mifuko ya maua kwenye friza ili nyama ipate nafasi, wakaiweka kabatini chini ya ngazi. Genoveva alikumbuka maua mwishoni mwa Oktoba, alipokuwa akihamisha vitu vya marehemu ili airudishe nyumba kwa mwenyewe. Alikata mfuko wa kwanza. Harufu ya majani yaliyooza ikampiga usoni. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda ndani kama pamba. Alikata wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Yote. Na juu ya kila mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe: KIMELIA. Wapangaji wapya walipoingia, waling'oa mmea wakaweka meza.

Alikwenda kuungama. Padri alimwondolea dhambi na kumwambia Mungu anaujua upendo. Genoveva aliamini. Ila mtu aliyetaka kumwambia hakuwamo kanisani.

Desemba walikusanyika kwenye nyumba yake ndogo ya ghorofani. Gaspard ndiye aliyepika mbege, kwa kufuata alichokiona kwa rafiki yake miaka yote. Mama Dorotea alichota kata, akampa Genoveva. "Aliyetukaribisha aonje kwanza."

Alionja, akapokeza. Kata ikazunguka, na mazungumzo yakapungua jinsi ilivyozunguka.

"Haina uchungu," Mama Dorotea alisema mwishowe.

"Mimi nimepika kama nilivyomwona akipika," Gaspard alijitetea. "Maua sikupewa."

Wote wakamgeukia Genoveva. Akawaambia. Alisema asubuhi ile alikuwa na haraka, na kijiti kilipinda, na alimwambia mtu anayekufa kwamba kimelia, na mtu yule akalaumu masikio yake mwenyewe. Kisha akasema: "Alikwenda akidhani kosa ni la masikio yake."

Gaspard, ambaye hakosi mzaha, aliangalia sakafu.

Genoveva alifungua kitabu chake cha sala. Ua lile la hospitalini lilikuwa limelala pale miezi mitatu, limepoteza ukijani, bapa kama medali. Alilishika kwa vidole viwili, akakunja kijiti chake.

Kililia. Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha unaogusa kikombe, na kila mtu mle chumbani aliisikia.

Akalisagia ndani ya kata, unga wake wa manjano ukaelea juu. Ua moja haliwezi kitu mbele ya ndoo nzima ya mbege. Walikunywa hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, wakianza na Mama Dorotea, na hakuna aliyesema tena kwamba haina uchungu.