Kumvusha Mama Kamanga

Niliondoka Mabatini, mjini, asubuhi, baada ya mchuuzi wa dagaa kuniletea ujumbe kutoka nyumbani: mama anaharisha damu, wahi. Kiwanda chetu kilikuwa kimebinafsishwa nasi tumepunguzwa, kwa hiyo sikuwa na bosi wa kuomba ruhusa. Ndiyo raha pekee ya kukosa kazi.

Kivuko kilijaa marobota ya mitumba. Ziwa lilikuwa na rangi ya majivu hadi tulipotia nanga Kamanga, ng'ambo.

Kijijini nilifika jua likiwa kali. Shangazi Mbuke, dada wa marehemu baba, alikuwa akimnywesha mama dawa ya mizizi ya kusafisha tumbo. Mama alikuwa amebaki macho tu.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Usiogope, uchafu unatoka.” Akanionyesha beseni lenye ute na damu. “Huu ute ndio ugonjwa wenyewe. Jana ulikuwa mwingi, leo umepungua. Uji nimemkatalia, tusije tukaulisha ugonjwa.”

Alisema kwa furaha. Alimpenda mama kuliko mawifi wengi wanavyopendana, hilo lazima niliseme.

Tulimlaza mama kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nikavuka naye siku hiyohiyo. Hospitalini dripu hazikuwepo. Nilikimbia kuzinunua mtaani Mkuyuni, ambako maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanaota kama uyoga. Niliporudi, daktari aliniuliza mama amekunywa nini. Nikamweleza. Akaketi.

“Ndani ya utumbo kuna vishimo vidogo mno,” alisema. “Chini yake huzaliwa seli changa. Zikipanda juu zinagawana kazi: nyingi zinafyonza chakula, nyingine zinatengeneza ute. Ule ute ndio ukuta, unawazuia wadudu wasifike kwenye nyama. Baada ya siku chache seli hudondoka, nyingine zinashika zamu.”

“Kwa hiyo ute si ugonjwa?”

“Ni mwili unajitetea. Ukimharisha mgonjwa na kumnyima chakula, hizo seli mpya zitajengwa na nini?”

Mama alifariki kesho yake mchana. Nililia palepale wodini, mtu mzima mimi, na sikuona haya.

Kamanga tena, safari hii na jeneza. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Shangazi angejua ili iweje?

Baada ya mazishi nilimkuta uani anatwanga mizizi ileile. Mjukuu wa jirani alikuwa ameanza kuharisha.

“Angalau wifi yangu ameondoka tumbo likiwa safi,” alisema.

Basi nikamwambia yote, kuanzia vile vishimo hadi ute. Nikamwambia mtoto apewe uji na maji ya chumvi na sukari, apelekwe zahanati leo hii. Shangazi akaacha kutwanga.

“Kwa hiyo nimemuua mimi?”

Nilikuwa nimejifunza kazi ya ute tu. Nikaupokea mchi mkononi mwake, nikamwambia twende tukamchukue mtoto.