Dhambi ya Kuazima

Nchi nzima ilikuwa imetangaziwa ruksa. Maduka ya Dodoma yalijaa sabuni za kila rangi, na mitumba ilimwagwa chini sokoni watu wakaigombania. Shuleni kwetu, kwa Masista, ruksa haikufika. Nadhani ilishukia stesheni, ikasikia habari za Sista Mkuu, ikapanda treni ikarudi pwani.

Sista Mkuu alikuwa na fimbo aliyoiita "msaidizi wangu." Ilikusaidia ukichelewa, ikakusaidia ukicheka kanisani, na ukija na kucha ndefu ilikusaidia kwenye kucha zenyewe. Hakupiga kwa hasira, haki yake nampa. Alipiga kwa utaratibu, na baada ya kila kiboko ulisema, "Asante, Sista."

Darasa la nne tulikuwa tunajiandaa kwa komunyo ya kwanza: Ijumaa kuungama, Jumapili kupokea. Jumatano ya wiki hiyo kichala cha zabibu kikaibwa kwenye shamba la misheni, zabibu za divai ya misa. Sista akatangaza mstarini kwamba mwizi akijulikana hapokei komunyo, hata askofu aje kumwombea.

Aliyezila ni mimi. Zilikuwa chachu, tumbo likaniuma, na sikujuta hata kidogo.

Ijumaa tukapanga foleni ya kuungama. Nyuma yangu alisimama rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, mtoto wa mama muuza karanga. Mama yake alikuwa amempatia gauni jeupe kwenye mitumba, gauni la harusi la mzungu fulani, akalikata na kulikunja mpaka likamtosha. Wiki nzima hatukuwa na habari nyingine zaidi ya gauni hilo.

"We, niazime dhambi moja," akaninong'oneza.

"Huna kabisa?"

"Nimetafuta tangu jana. Na Sista kasema anayekwenda kuungama mikono mitupu anamdanganya Mungu."

Mimi nilikuwa nazo za kutosha. Nikampa zile zabibu, kama unavyompa mwenzio rula. Nilijiona mkarimu kweli, tena nikapata nafuu, maana sikuwa na hamu ya kuzitaja. Zamu yangu ilipofika niliungama kumtukana dada yangu, nikapewa Salamu Maria tatu, nikaenda kuzisalia kwenye ngazi za kanisa, kivulini, nikabaki hapo kumsubiri.

Padri mzee, aliyeipenda mizabibu yake kuliko sisi, alimpa rafiki yangu malipizi ya aina nyingine: akamwagilie mizabibu ndoo mbili. Siri ya maungamo Padri hakuitoa. Ila Dodoma maji hayamwagwi ovyo, na mtoto mwenye ndoo mbili huonekana toka mbali. Sista akamwona.

"Nani kakutuma huku?"

"Padri, Sista. Ni malipizi yangu."

"Kumbe ni wewe uliyekula zabibu?"

Rafiki yangu akanitazama pale kwenye ngazi. Nilimwelewa vizuri. Akikana, atakuwa amemwongopea Mungu siku yake ya kwanza ya kuungama, na hiyo Sista alishatufundisha ni moto wa moja kwa moja. Mimi nikainamia rozari yangu.

"Ndiyo, Sista," akasema.

Akapigwa viboko sita, akasema asante sita, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya Jumapili.

Jumamosi nzima nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifika mpaka mlangoni kwa Sista, nikamsikia akikohoa ndani, nikageuka. Mimi ni mtu mzima sasa na bado naona aibu kuiandika sentensi hiyo. Sista mwenyewe alipendezwa na utulivu wangu, akaniweka mbele kabisa ya maandamano, na mshumaa mkubwa mkononi.

Rafiki yangu alikuja misa na gauni lake hivyo hivyo, kwa sababu mama yake hakuweza kuliacha sandukuni. Walikaa benchi la mwisho. Mimi nikapokea, hostia ikaniganda kwenye kaakaa.

Tulipotoka nje alinikimbilia, ameshika pindo la gauni lisiguse vumbi. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko fimbo yoyote ya Sista.

"Ikoje?" akaniuliza. "Tamu?"

"Haina ladha yoyote," nikamwambia.

Wiki nzima ile, hilo ndilo neno pekee la kweli lililotoka kinywani mwangu.