Mkubwa Hatumwi Simu

Wasomaji watukufu, mlioketi kuizunguka safu hii, nawasalimu kwa taadhima kabla sijawapa huzuni yangu.

Katika duka la kuchapa barua mjini Kilosa, nilimkuta binti kutoka kijiji cha Tindiga akiomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Mikumi. Mchapaji alimaliza barua pepe kwa Kiingereza cha kiofisi, kisha akamtafsiria: "Nangoja jibu lako kwa hamu. Tafadhali nipigie kwa namba hii."

Binti akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. "Dada, futa hayo! Meneja ni mtu mzima. Nimharakishe, halafu nimtume anipigie?"

"Ndivyo wanavyoandika wote, mdogo wangu."

"Wote hawakulelewa na bibi yangu. Nitarudi mwenyewe hapa dukani kuuliza."

Mchapaji akacheka, akafuta sentensi zote mbili pamoja na namba, akaituma barua kutoka anwani ya duka.

Jibu lilifika jioni ileile: binti aende kwenye usaili kesho yake asubuhi. Hakuna aliyejua pa kumpata. Aliporudi siku ya gulio, nafasi ilikwisha kuchukuliwa, naye alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa wasiojali.

Tunawafundisha vijana sentensi za Kiingereza, lakini hatuwaambii kwamba katika Kiingereza hicho kumwomba mkubwa akupigie nako ni adabu. Bibi simlaumu.

Mwisho huo sikuushuhudia. Alinisimulia mchapaji mwenyewe, Dada Mwanaidi, akiwa amenigeuzia kisogo.