Alteneta ya Kupelekea Vyombo

Ukitaka muziki mkubwa kwenye gari, watu wengi watakuambia uongeze betri. Ndivyo alivyoambiwa mteja wangu mmoja wa Mwera, na ndivyo alivyofanya. Siku alipofika kwenye banda langu, kando ya barabara ya Pangani, pikapu yake ilikuwa na betri mbili mbele na ya tatu nyuma ya kiti, na bado muziki ulikuwa unamfia njiani.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Sikupita chuo. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, na kwa kufungua vitu vilivyoungua ili nijue vimeunguaje. Kwa hiyo nina tabia ya kuuliza maswali mengi kabla sijashika spana, na wateja wengine huchoka. Huyu hakuchoka. Alivuta tairi bovu, akalikalia, akaeleza.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea. Baba yao alikuwa mkata mkonge, mama yao alifariki mapema, na dada akaacha shule ili ampikie. Sasa dada huyo alikuwa anaoza binti yake wa mwisho. Siku ya kupeleka vyombo, kina mama hubeba masufuria, sahani na mito ya bi harusi vichwani, wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa bwana harusi, wakiimba na kucheza, na gari la muziki likiwafuata nyuma. Kwa binti wa kwanza gari lilikuwa lake yeye, mjomba mtu, na muziki ulizimika mbele ya uwanja wa wakwe. Kina mama walimalizia kwa kupiga masufuria. Dada hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba safari hii atakodi gari la mjini.

"Angenigombeza ningejua la kujibu," aliniambia. "Lakini alisema polepole, kama unavyomwambia mgonjwa apumzike."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka nipige mimi. Kitanda cha kumpa mtoto sina, kabati sina. Nina muziki."

Nilifungua boneti. Tatizo lilikuwa wazi. Betri haitengenezi umeme, inautunza tu. Kinachotengeneza ni alteneta, inayozungushwa na injini kwa mkanda. Yake ilikuwa ndogo, ya kutosha taa, honi na redio ya kawaida. Spika zake na ampu, mashine ya kukuza sauti, zilikula zaidi ya ilivyoweza kutoa, kwa hiyo kila wimbo ulikuwa unapunguza akiba. Kwa kuongeza betri alikuwa ameisogeza mbele aibu, hakuiondoa.

Tulitafuta kubwa kwenye vipuri vilivyotumika, tukapata moja iliyotoka kwenye gari la wagonjwa. Magari yale hubeba mitambo mingi, na alteneta zake huwa na nguvu. Nilitoboa upya mabano ya kuifungia, nikaweka waya mnene kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri, nikaweka fyuzi inayolingana na waya, nikasugua rangi na kutu pale waya wa ardhi unaposhika bodi. Watu hudharau sehemu hiyo, lakini umeme ukienda lazima urudi, na njia ya kurudi ikiwa mbovu ni sawa na kutokwenda. Kisha nikamwambia akanyage mafuta, muziki ukiwa juu kabisa. Mita ilisoma volti kumi na nne, haikutikisika. Alicheka peke yake ndani ya gari.

Dada alipita siku ileile, akitoka sokoni kununua masufuria ya shughuli. Alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Ndilo hili lililonitia aibu?"

"Dada, limebadilishwa moyo," alisema mdogo wake.

"Hata wewe uliniambia umebadilika."

Alisimama akasikiliza, mkono mmoja kiunoni. Wimbo ulipokwisha alitikisa kichwa taratibu. "Sauti nzuri. Ila hapa limesimama. Sisi huwa tunatembea." Akanikabidhi mfuko wa masufuria, akaondoka bandani, akaingia kwenye njia ya vumbi inayopita nyuma ya nyumba. "Nifuate. Usinigonge tu, nina shughuli."

Alitembea kama watembeavyo wenye vyombo kichwani. Hatua fupi, anageuka nusu, anasimama kana kwamba kuna mtu mlangoni anamtunza pesa, anaendelea. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua alimwuliza, "Shoga, mbona msafara hauna vyombo?"

"Vyombo kashika fundi, huyo nyuma."

Wanawake wakacheka, wawili wakajiunga naye. Mimi nilikwenda ubavuni mwa gari, mfuko mkono mmoja, mita mkono wa pili. Mwanzoni ilisoma kumi na nne. Tulipopita msikiti mdogo ilikuwa kumi na tatu. Ikashuka tena. Besi ikalegea kwanza, sauti ikaanza kukatakata, kisha ampu ikajizima. Dada alikwenda hatua chache kwenye ukimya, akasimama, hakugeuka mara moja.

"Kama siku ile," alisema.

Nilielewa pale pale. Bandani tulikuwa tumekanyaga mafuta. Katika mwendo huu hakuna anayekanyaga. Dereva anacheza na klachi, injini inazunguka kivivu, na alteneta nayo inazunguka kivivu. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake ni ya gari linalokimbia. Ikizungushwa polepole haifikishi hata nusu yake. Gari la wagonjwa hukimbia. Hakuna anayekimbia na masufuria ya bi harusi kichwani.

Mdogo mtu alizima injini, akabaki ameshika usukani. "Mwambie akodi tu," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilimfuata dada. "Dada, huo mwendo hauwezi kuongezwa kidogo?"

Alinitazama. "Fundi, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo alipoletewa vyombo, mama zake walikuja mbio?"

"Hapana."

"Basi."

Alichukua mfuko wake, akaenda kupanda gari la kurudi Mwera.

Kwa kuwa mwendo haubadiliki, ilibidi kilichobaki kibadilike. Alteneta huzungushwa na puli, gurudumu dogo linalopitiwa na mkanda. Ukiifunga puli ndogo zaidi, kwa mzunguko uleule wa injini alteneta itazunguka mara nyingi zaidi. Nilipima, nikapiga hesabu, nikaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma akanichongea puli ya kipimo nilichotaka. Tukatafuta mkanda mfupi kidogo, nikaukaza vizuri maana puli ndogo hushikwa na mkanda kwa sehemu ndogo, nikapandisha kidogo mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagwa. Nikamwonya mwenye gari kwamba kwa puli ile asikimbize kwenye lami, ataiua alteneta. Shughuli ikiisha arudi tumrudishie ya zamani.

Kisha tukajaribu tena njia ileile. Safari hii mtembeaji wa mbele nilikuwa mimi. Mama wa vitumbua alisema hajawahi kuona kungwi mwenye ndevu. Nilijitahidi kutembea kama dada alivyotembea, pamoja na kugeuka nusu na kusimama, kwa sababu kipimo kikibadilika jibu halina maana. Tulipita msikiti, tukafika mwisho wa njia, tukarudi. Kumi na tatu na nusu, haikushuka chini ya hapo.

Siku yenyewe nilikwenda Mwera. Gari la kukodi lilikuwepo kweli, jipya, limeegeshwa nyuma ya pikapu.

"Anza wewe," dada alimwambia mdogo wake. "Ukishindwa, mwenzio yupo."

Kina mama walijitwisha vyombo. Mmoja alipiga kofi kwenye boneti. "Leo utatufikisha, au nitafute kabisa sufuria ya kupiga?" Mwenye gari hakuinua macho. Alikuwa anatazama mita niliyomfungia karibu na usukani.

Tulikwenda. Kila nyumba ya ndugu walisimama, wakacheza, wakatunzwa, wakaendelea. Jua lilikuwa kali na vumbi jingi. Nilitembea ubavuni, nikisikiliza mkanda zaidi ya nyimbo. Uwanja wa wakwe ulipoonekana, mdogo mtu aliacha kutazama mita. Aliangalia mgongo wa dada yake tu, na muziki ukaingia nao uwanjani bila kupungua.

Dada alitua beseni la sahani, akaja dirishani akijifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Punguza, mdogo wangu. Wakwe wanatukaribisha, na hatusikii neno."

Mdogo wake aliweka vidole kwenye kitufe cha sauti, lakini hakukizungusha.

"Nimesema punguza," alirudia, na tayari alikuwa anacheka.

Akapunguza. Dada alipitisha mkono dirishani, akamshika kichwani kidogo kama mtu anayeangalia homa ya mtoto, kisha akaenda nyuma kwa dereva wa gari la mjini. "Baba, zima gari uje ule," alimwambia. "Wewe leo ni mgeni wetu."