Koseti ya Rejoice

Serikali ilipofungulia biashara ya nje na mabelo ya mitumba kuanza kushushwa Makambako, mafundi wengi wa nguo walilalamika kwamba riziki yao imekatwa. Fidelia, fundi mwenzao, yeye alikwenda mnadani kama mtu aendaye shule. Alinunua nguo zilizoshonwa kwa namna asiyoijua, akazifumua mshono kwa mshono. Ndivyo alivyoipata koseti, vazi la kubana kiuno, lenye mbavu za chuma na kamba mgongoni. Wenzake walisema hilo ni la kumfunga mgonjwa. Fidelia akalifumua nalo, akaona jinsi mbavu zilivyopitishwa kati ya tabaka mbili za kitambaa.

Haukupita muda akaja Rejoice, binti wa wakulima wa Njombe. Utotoni alianguka kutoka kwenye lori la majani ya chai kule Lupembe. Tangu hapo ubavu wake wa kushoto ulibonyea, na bega likalalia upande huo.

"Fundi, kila mtu ananishauri nishonewe gauni pana linifiche," alisema. "Mimi sitaki kujificha siku ya ndoa yangu."

"Basi hatufichi kitu," Fidelia alimjibu.

Akaamua kumshonea gauni lenye koseti ya kumshika wima. Ya kwanza aliitia mbavu za mwanzi. Rejoice alipoketi kuijaribu, zikavunjika. Fidelia aliona haya, lakini hakumrudisha mteja. Alikwenda sokoni, akaokota mikanda ya chuma iliyofungia mabelo, akaikata kwa mkasi wa bati na kuipiga tupa ncha zake zisichome. Safari hii alishona kwa kitambaa kizito cha drili, na ule upande uliobonyea akaujaza sufi. Tatizo likabaki matundu ya kamba, maana yalichanika kila alipokaza. Akamwendea Seleman, mshonaji wa maturubai ya malori.

"Kaka Seleman, pete hizi unazopigilia kwenye turubai, unazo ndogo?"

"Ninazo. Ni za lori gani?"

"Si lori. Ni bibi harusi."

Seleman alicheka sana, kisha akazipigilia kwa uangalifu kama anayetengeneza saa.

Asubuhi ya harusi Fidelia alikaza kamba polepole.

"Inakuumiza?"

"Hapana, fundi. Inanishika."

Rejoice aliingia kanisani akiwa wima, mabega sawa, na kwaya ikainuka. Mama yake, Getruda, alimshika Fidelia mkono. "Kumbe mwanangu ni mrefu hivi," alisema, machozi yakimtoka.

Nje, mwanamke mmoja aliuliza kama gauni lile limetoka Ulaya.

"Limeshonwa Makambako," Fidelia alijibu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Baadaye maharusi walimfuata kutoka Iringa na Songea. Aliwashonea wote, ila hakukubali kumkaza yeyote hadi ashindwe kula pilau ya harusi yake mwenyewe.