Nchi ya Makaratasi Yazungushwa Nasauvere

Mvua imekatika sasa hivi. Ndani ya ukumbi wa kijiji cha Nasauvere, mkoani Bua, Unaisi Dikula amepiga magoti mkekani, brashi mkononi, anaifuta milima vumbi. Anapuliza bonde, anasubiri, anapuliza tena. Ukimtazama kwa mbali utadhani anambembeleza mtoto alale.

Milima yenyewe ni ya boksi. Unaisi, mama wa miaka hamsini na mbili, hukata boksi kwa kufuata mistari ya mwinuko iliyochapwa mjini, akagandisha tabaka juu ya tabaka, akapaka rangi, kisha akaita watu. Wenyeji huchomeka pini penye visima, makaburi na mashamba ya magimbi, na kutandaza nyuzi za sufu palipo na njia. Picha ikishapigwa huingizwa kwenye kompyuta za ofisi ya mipango, na huko ndiko huamuliwa barabara ipite wapi. Kwa kazi hiyo Unaisi hulipwa dola hamsini kwa siku, siku ambazo kazi ipo.

"Watu wakiiona nchi yao kutoka juu kwa mara ya kwanza, hunyamaza," anasema. "Hata mimi mpaka leo najiona kama niko ndotoni, naelea tu."

Leo, hata hivyo, roho haijamtulia. Nyuma ya kilima cha Korovatu kuna mahali pasipo na pini hata moja. Hapo ndipo lilipo Dranolailai, bwawa la matete yaitwayo kuta, ambayo wanawake wa hapa huyasuka mikeka laini kuliko yote. Kompyuta ilipoona peupe ikachukulia kuwa hapana kitu. Ramani iliyorudi kutoka mjini inasema eneo hilo halitumiki, na inapendekeza lichimbwe kokoto za barabara. Leo wanakijiji wanaihakiki, na wakishaikubali, imepita.

Hakuna aliyedanganya; wenyeji wenyewe ndio walioacha kuchomeka pini, na hilo ndilo linalomuuma. Binti yake, Losena, ana mimba ya miezi sita. Katika ukoo wao mtoto hulazwa kwanza kwenye mkeka wa kuta, ndipo aitwe mtoto wa hapa.

Watu wanaingia wakiwa wameinama. Chifu, Tui Nasauvere, ameketi mahali pake pa siku zote, mwisho wa juu wa ukumbi, na nchi ya makaratasi imewekwa mbele ya magoti yake. Bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kuheshimiana, linazunguka. Upande wa bahari wanaume wanachomeka pini za miamba ya samaki na kubishana kwa sauti za chini.

Vasemaca, wifi yake Unaisi na msukaji hodari, anasimama kando yake akiwa na uso wa utani. Anamuuliza ni lini ameanza kukata milima, au mikeka ilimshinda akaona afadhali boksi? Wanawake wanaangua kicheko. "Haya, nipe hiyo pini, wifi, nikuonyeshe kazi."

Unaisi anampa pini ya kijani na kumfuata kwa macho. Vasemaca anakwenda ameinama, akinong'ona "tulou", kuomba radhi kwa kupita mbele ya watu. Anakaribia Korovatu. Mkono unainuka, unasita, unashuka. Anarudi na kuiweka pini ndani ya kopo, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka.

Hapo ndipo Unaisi anapong'amua. Bwawa liko ukingoni kabisa, mbele ya kifua cha chifu. Kulifikia ni lazima unyooshe mkono usoni pake, na Nasauvere hii hakuna atakayethubutu. Siku ya kwanza walijaza pini nchi nzima wakaacha hapo tu, wala hawakujua kama wameacha.

"Ningekuwa mgeni ningeona," anasema baadaye. "Mimi nilikuwa nimeinama pamoja nao."

Kumwambia chifu asogee ni jambo lisilosemeka. Unaisi anajikokota hadi kwa msemaji wa chifu, anamnong'oneza. Msemaji naye anamnong'oneza chifu. Matone yanasikika yakidondoka kutoka paani. Mgawaji wa yaqona anasahau kuchota.

"Mimi sihami," chifu anasema hatimaye. "Zungusheni nchi."

Wanaume wanne wanainyanyua. Milima inapita polepole mbele ya macho ya watu, mito inageuka, bahari inakuja kutua magotini pa chifu, na Dranolailai linawafikia wanawake. Kwanza wanalitazama tu. Kisha Vasemaca anaichukua pini yake ya kijani, na mikono ya wengine inamfuata. Uzi wa njano unaonyesha njia, uzi wa buluu unalizunguka bwawa. Bibi mmoja analia waziwazi, akisema humo alikuwa akiogelea na dada zake kukata kuta, maji ya vuguvugu, ukungu juu yao, wakiitana bila kuonana.

Chifu anawatazama wanawake.

"Siku ile ya kwanza nilikaa na peupe hapa mbele yangu kutwa nzima," anasema. "Nikadhani wanawake mmelichoka bwawa. Mke wangu tulimzika na mkeka wa kuta. Iliniuma, lakini nikasema basi, nisiwalazimishe."

Unaisi anajifuta macho kwa kiganja chenye gundi.

Picha mpya imepelekwa mjini mchana huohuo. Ofisi imekubali kuipokea, lakini haijaahidi kitu, na kokoto bado zinatakiwa. Unaisi anasema nchi atakayoitengeneza tena, popote pale, ataiwekea magurudumu.

Wakati wanakusanya mabaki ya nyuzi, Vasemaca anataka kujua kama mkeka wa mjukuu utanunuliwa au utaombwa. Unaisi anasema hapana, wakiachiwa bwawa lao ataingia majini mwenyewe, akate kuta, asuke.

"Utakuwa mbaya huo, wifi."

"Mtoto atajuaje? Yeye atalala tu."